Kadi Niliyoisingizia

Kompyuta yangu ya mezani ni ya enzi za Pentium 4, na kwa miezi mingi ilikuwa ikituma faili kwenye kompyuta ya pili kwa mwendo wa kukera: mara kilobaiti 400 kwa sekunde, mara megabaiti moja, mara inasimama kabisa kwa sekunde tatu nne kisha inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Sikuhangaika kutafuta sababu kwa kuwa niliamini ninayo tayari. Ndani yake kulikuwa na kadi ya mtandao yenye chipu ya Realtek RTL8139, chipu yenye sifa mbaya miongoni mwa watu wanaoandika draiva, yaani programu zinazouwezesha mfumo kuendesha kifaa, nami nikaona hukumu imekwisha kutolewa na wanaojua kuliko mimi. Nikaichomoa, nikachomeka kadi mpya ya gigabiti kwenye nafasi ileile ya PCI, tundu la kadi kwenye ubao mkuu, nikawasha kompyuta na kuanza kunakili faili ileile ya gigabaiti moja. Mwendo ukawa uleule.

Nilikaa nikiutazama mstari wa asilimia ukisogea kwa kusitasita, na ndipo nilipokiri kwamba katika miezi yote ile sikuwa nimepima kitu hata kimoja. Nilikuwa nimekisia tu, na kisio langu lilikuwa na mvuto kwa sababu moja: kifaa kikiwa kikuukuu, kila kasoro huwekwa kwenye hesabu ya uzee wake.

Vipimo vyenyewe ni vya kueleweka kwanza, kwa maana malalamiko mengi kuhusu kadi za zamani huzaliwa hapo. Kadi ya megabiti 100 hupitisha biti, si baiti, na kwa kuwa baiti moja ina biti nane, upeo wake ni megabaiti 12.5 kwa sekunde. Ukiondoa vichwa vya pakiti na nafasi ambazo Ethernet, yaani kanuni za mtandao wa kebo, huziacha kati ya fremu (fungu la data linalosafiri kwenye kebo) moja na nyingine, hubaki kama megabaiti 11.8 za data halisi. Kwa hiyo mtu anayeona 11 kwenye kadi kama hiyo hana ugonjwa wa kutibu. Mimi nilikuwa napata moja au chini yake, yaani hata sehemu ya kumi ya haki yangu sikuifikia, na pengo kubwa namna hiyo halielezwi na uzee. Uzee hupunguza robo au nusu. Kinachokula sehemu tisa kati ya kumi huwa ni hitilafu.

Jaribio la kwanza ambalo karibu kila mtu hulifanya ni ping, amri inayotuma pakiti na kupima muda wa jibu kurudi, na ping ilinidanganya. Majibu yalirudi kwa theluthi moja ya milisekunde, bila hata moja kupotea, nikadhani njia ni safi. Baadaye nilielewa kwa nini: ping ya kawaida hutuma pakiti moja ndogo kila sekunde, kisha njia inakaa kimya hadi sekunde inayofuata, na hitilafu niliyokuwa nayo haijitokezi njia ikiwa tupu. Nilipoongeza ukubwa wa pakiti na kuzituma mfululizo bila kupumzika, kadhaa katika kila mia zilianza kupotea. Njia ilikuwa nzima kwa mpita njia mmoja, na mbovu kwa msafara.

Kilichofuata ndicho ningepaswa kukifanya siku ya kwanza, nacho ni kusoma vihesabu. Karibu kila kadi ya mtandao, hata ile duni, huhesabu fremu zilizoingia zikiwa zimeharibika, na mfumo wa Linux huzionyesha kwa amri ya `ip -s link`. Chini ya safu ya makosa ya kupokea palikuwa na namba iliyozidi elfu kumi na nane. Nikanakili faili kwa dakika moja, nikaisoma tena, nayo ilikuwa imepanda kwa mamia. Upande wa kutuma ulisoma sifuri. Amri ya `ethtool -S`, ambayo huchambua makosa hayo kwa aina zake, ilisema kwamba nyingi ni fremu ambazo hesabu yake ya uhakiki haikubaliani na yaliyomo, na nyingine ni vipande vya fremu vilivyokatika kabla ya kutimiza baiti 64, ambacho ndicho kima cha chini kinachoruhusiwa. Vipande ndivyo vilivyonizindua. Kebo mbovu huharibu fremu, lakini kwa kawaida haizikati katikati. Fremu hukatwa na mtumaji anayeamini kwamba amegongana na mwenzake akaamua kunyamaza.

Kadi mbili zinapounganishwa kwa kebo hutangaziana uwezo wao kabla ya kupitisha data yoyote. Kila upande hutaja kasi unazoziweza, na kama unaweza kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, kisha pande zote mbili huchagua kilicho bora kati ya yale waliyoafikiana. Kutuma na kupokea kwa wakati mmoja ndiko kunakoitwa dupleksi kamili. Dupleksi nusu ni kama daraja jembamba la gari moja, ambapo wa huku husubiri wa kule apite. Sasa, upande mmoja ukizimiwa mapatano hayo na kulazimishwa utumie megabiti 100 kwa dupleksi kamili, upande wa pili hausikii tangazo lolote. Kasi unaweza kuitambua kwa umbo la mawimbi yanayokuja kwenye kebo, lakini dupleksi haitambuliki kwa njia hiyo, na kanuni za Ethernet zinauagiza uchukue dupleksi nusu. Hapo upande mmoja unaamini daraja ni la njia mbili na unaingia wakati wowote upendao, huku mwingine ukiamini ni la njia moja, na kila unapokutana na mwenzake katikati unahesabu mgongano, unaikatiza fremu yake na kurudi nyuma. TCP, itifaki inayohakikisha data inafika, ikiona pakiti zinapotea hudhani njia imejaa, hivyo hupunguza mwendo, husubiri, hujaribu tena, na kupunguza tena. Ndizo zile sekunde tatu nne za kusimama.

Swali likabaki: nani aliyelazimisha dupleksi kamili? Swichi yangu, kifaa kinachoziunganisha kompyuta hizi kwa kebo, haina mahali popote pa kupangia chochote. Ni sanduku lenye matundu manane na taa. Nikaiuliza kadi kwa `ethtool eth0`, ikajibu kwamba mapatano ya kiotomatiki yamezimwa. Kadi mpya, iliyotoka kwenye kasha juzi, ilikuwa imezimiwa mapatano. Nilizunguka faili za mipangilio kwa nusu saa nikiwa na hasira na watengenezaji wa kadi, wa draiva na wa mfumo wenyewe, hadi nilipofungua hati ndogo inayoendeshwa kila kompyuta inapowaka. Mstari wa nne ulikuwa wangu, pamoja na maelezo niliyoyaandika kwa mkono wangu: zamani nilikuwa na swichi nyingine, yenye mipangilio, ambayo mapatano yake hayakuwa yakifika mwisho salama, nikaamua kuzifunga pande zote mbili kwenye 100 na dupleksi kamili. Swichi ile iliondoka miaka kadhaa iliyopita. Mstari ulibaki, ukitaja kadi kwa jina la eth0 tu, na kila kadi iliyochukua jina hilo ilirithi adhabu.

Nikaufuta. Niliwasha upya kompyuta nikitarajia taa ya gigabiti, na taa ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima tena, kisha ikatulia kwenye rangi ya megabiti 100. Makosa yalikuwa yamekwisha na faili zilikwenda kwa megabaiti 11, kwa hiyo mtu mwenye busara angeridhika na kwenda kulala. Lakini taa inayosita namna ile ina habari ndani yake.

Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu za nyaya kati ya nne zilizomo kwenye kebo, yaani pini za 1, 2, 3 na 6. Gigabiti, kama ilivyosanifiwa mwaka 1999 kwa kebo za shaba, huhitaji jozi zote nne, na mapatano yenyewe ya kasi hufanyika kwenye zile jozi mbili za kale. Kwa hiyo kebo iliyokatika waya mmoja kwenye jozi zisizotumika zamani hudanganya kwa namna ya pekee: kadi mbili zinaafikiana kwenda kwa gigabiti, zinajaribu, zinashindwa kusikilizana, zinaanza upya, na baada ya kujaribu mara kadhaa kadi nyingi hushuka zenyewe hadi 100. Nikaichomoa kebo na kuishika kichwa chake mbele ya dirisha. Plastiki ya kichwa hicho, cha aina ya RJ45, ni angavu, na ukiitazama kutoka mbele unaona ncha nane za shaba zikiwa zimepangwa kama meno. Saba zilikuwa zimefika ukutani. Ya nane, ya waya wa kahawia, ilikuwa imeishia kama milimita mbili nyuma, nje kabisa ya meno ya chuma yanayopaswa kuung'ata. Kebo hiyo ilikuwa na umri wa miaka mingi, na kwa miaka yote hiyo haikuwahi kumkosea mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuhitaji waya wa kahawia.

Nilipobadilisha kebo, kadi ikapata gigabiti mara moja. Hapo nikaanza kupima kwa iperf3, programu inayotuma data kutoka kumbukumbu ya kompyuta moja hadi ya nyingine bila kugusa diski, na ninamsihi yeyote anayepima mtandao asipime kwa kunakili faili, kwa maana atakuwa anapima vitu vinne kwa pamoja bila kujua kipi ni kipi. Jibu lilikuwa megabiti 430 kwa sekunde. Safari hii ulikuwa ni uzee kweli, na unaweza kuuonyesha kwa kidole. Njia ya PCI ya biti 32 na megahezi 33 ina upeo wa megabaiti 133 kwa sekunde, na upeo huo hugawanywa kati ya vifaa vyote vilivyo kwenye njia hiyo; gigabiti moja, upande mmoja tu, inataka megabaiti 125. Hata kama kadi ingekuwa peke yake, muda unaopotea katika kuombana ruhusa ya kutumia njia ungetosha kuizuia isifike. PCI Express ilipokuja ilimpa kila mmoja njia yake, megabaiti 250 kila upande kwa mstari mmoja wa toleo la kwanza, na ndiyo maana kompyuta iliyo changa kuliko yangu kwa miaka miwili tu inaweza kujaza gigabiti bila kutoa jasho.

Kichakataji nacho kilikuwa na malalamiko yake. Gigabiti iliyojaa fremu za kawaida za baiti 1,500 ni fremu zipatazo 81,000 kila sekunde. Kama kila moja ingekikatiza kichakataji kazi yake ili kusema imefika, kichakataji cha kiini kimoja kisingefanya lolote jingine. Kerneli ya Linux, yaani sehemu kuu ya mfumo, tangu zama za toleo la 2.6, huwa na utaratibu wa kuzima ukatizaji huo mzigo unapokuwa mkubwa na kwenda yenyewe kuzichota fremu kwa mafungu, na kadi nzuri huchukua mzigo wa kuhesabu hesabu za uhakiki. Hata hivyo, nilipotazama matumizi ya kichakataji kwa amri ya `top` wakati iperf3 ikiendelea, karibu muda wote wa kichakataji ulikuwa umeliwa na kazi ya mtandao. Niliacha hapo. Megabiti 430 ni takriban megabaiti 50, na diski yangu ya IDE, kiunganishi cha zamani, husoma megabaiti 40 ikiwa na siku njema.

Nilipokuwa bado natabasamu, nikanakili faili kwa scp, amri ya kunakili faili kwa siri kupitia mtandao, na kupata megabaiti 13. Mtandao ni mzima, diski ni nzima, lakini scp husimba kila baiti, na kichakataji cha Pentium 4 hakina maagizo maalumu ya AES, aina ya usimbaji, ambayo Intel iliyaingiza kwenye vichakataji vyake mwaka 2010. Kila hesabu ya usimbaji inafanywa kwa mkono, na mkono huohuo ndio unaopokea fremu. Ndani ya mtandao wangu mwenyewe, ambako hakuna anayechungulia, ninanakili kwa NFS, njia ya kushiriki faili kwenye mtandao, bila usimbaji na mwendo unarudi kwenye kiwango cha diski. Nje ya hapo ninavumilia zile 13.

Wanaotumia Windows XP kwenye mashine za aina hii, na wapo, kwa kuwa kuna vyombo vya maabara na mashine za karakana ambazo programu zake hazikuhamishwa, wana mitego yao miwili ambayo huonekana kama ubovu wa kadi. Wa kwanza ni diski: mfumo huo ukihesabu makosa sita ya jumla kwenye diski ya IDE hushusha namna ya kuhamisha data hatua kwa hatua, hadi kufikia PIO, ambapo kichakataji hubeba kila neno kwa mkono, na haupandishi tena wenyewe. Wa pili ni dirisha la TCP, yaani kiasi cha data kinachoweza kuwa safarini kabla ya risiti kurudi. Kwa kadi ya megabiti 100, XP huanza na baiti 17,520. Kwa kompyuta ya chumba cha pili hiyo inatosha. Kwa seva iliyo umbali wa milisekunde 100 kwenda na kurudi, ni madirisha kumi kwa sekunde, yaani kilobaiti 175, hata kama intaneti yako ni ya kasi ya ajabu. Mtu akiniambia kompyuta yake ina kasi kwa majirani na ni nzito kwa walio mbali, swali langu la kwanza ni la dirisha hilo.

Suala la draiva ni refu kuliko la mwendo, nami nina maoni makali kidogo juu yake. Jina lililochapishwa kwenye kasha la kadi halina maana. Watengenezaji wengi, hasa wa vifaa vya Wi-Fi vya USB, wamewahi kubadilisha chipu ya ndani huku jina la bidhaa likibaki lilelile, wakitofautisha kwa herufi moja ndogo ya toleo iliyo mgongoni. Kinachotambulisha kifaa ni namba mbili, ya mtengenezaji na ya chipu, ambazo `lspci -nn` huzionyesha kwenye mabano, na `lsusb` kwa vifaa vya USB. Kadi yangu ya zamani ni 10ec:8139. Ukitafuta msaada kwa namba hizo utapata majibu yanayokuhusu. Ukitafuta kwa jina la kasha utapata majibu ya kifaa cha mtu mwingine.

Baada ya draiva kuna programu dhibiti, ile inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe kila kompyuta inapowaka. Kompyuta yangu mpakato ya zamani ina Wi-Fi ya Broadcom ambayo Linux huiendesha kwa draiva ya b43, draiva iliyoandikwa na watu waliochunguza chipu kutoka nje bila msaada wa mtengenezaji. Draiva ilikuwemo tayari kwenye mfumo. Programu dhibiti haikuwemo, kwa kuwa haikuruhusiwa kusambazwa, na ilibidi ikatwe kutoka kwenye draiva ya mtengenezaji kwa zana ya b43-fwcutter. Mtu asiyejua hilo huona kadi inatajwa na mfumo lakini haioni mitandao yoyote, anahitimisha imekufa, na kumbe amri ya `dmesg`, inayoonyesha ujumbe wa kerneli, inamwambia kwa herufi wazi jina la faili linalokosekana. Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, ilianza kuweka programu dhibiti zisizo huria kwenye kisakinishi chake rasmi katika toleo la 12, mwaka 2023, na hatua hiyo imewaokolea watu saa nyingi. Kwa upande wa pili, toleo la 13 la mwaka 2025 halina tena kisakinishi cha vichakataji vya biti 32, kwa hiyo Pentium 4 yangu imefikia kituo chake cha mwisho kwenye njia hiyo. Kwenye Windows mlango hufungwa kwa namna nyingine: mfumo wa biti 64 haupakii draiva ya biti 32, na kadi ambayo mtengenezaji wake aliacha kuandika draiva zama za XP hubaki nje hata ikiwa nzima kabisa.

Mpakato huo ulikuwa na funzo lake la mwendo pia. Niliuwekea kifaa cha Wi-Fi cha USB cha kiwango cha 802.11n, kikakataa katakata kuvuka megabiti 54. Nilihamisha ruta, nikageuza antena, nikabadilisha chaneli. Sababu ilikuwa ni usimbaji wa TKIP, namna ya zamani ya kulinda Wi-Fi, niliouchagua miaka ya nyuma ili kifaa kimoja cha kale kiweze kuunganishwa: kiwango cha 802.11n hakiruhusu kasi zake mpya kutumika pamoja na TKIP wala WEP iliyo ya kale zaidi, na kifaa kinachofuata kanuni hurudi kwenye kasi za zamani bila kutoa taarifa. Nilipochagua AES, kasi ikapanda zaidi ya mara mbili papo hapo. Na kwa kuwa nimetaja USB, tundu nalo litazamwe: kifaa cha gigabiti kwenye tundu la USB 2.0 hakitazidi sana megabaiti 35, na kikichomekwa kwenye tundu la USB 1.1, ambalo bado lipo kwenye mashine za umri wa yangu, kitatoa megabaiti moja.

Imebaki ile RTL8139. Sifa yake mbaya si ya kusingiziwa yote: hupokea fremu kwenye eneo moja la kumbukumbu la mzunguko, ambamo kichakataji hulazimika kuzinakili moja moja, na kwa kutuma ina nafasi nne tu za kupangia fremu zinazosubiri. Kwa Pentium ya megahezi 133 huo ulikuwa mzigo wa kweli. Niliichukua kutoka kwenye droo, nikaichomeka kwenye nafasi ya pili ya PCI kando ya kadi ya gigabiti, nikaipa kebo nzima na mapatano yakiwa yamewashwa, nikaiendesha kwa iperf3 usiku kucha. Asubuhi wastani ulikuwa megabiti 94 kwa sekunde, na kwenye safu ya makosa ya kupokea palikuwa na sifuri.